Urugo na Ukuta: Nyumba ya Kisasa Katika Mteremko wa Muhima

Katika Kinyarwanda neno urugo lina maana mbili: uzio uizungukao nyumba, na jamaa waishio ndani yake. Kigali ilipofanywa mji mkuu mwaka 1962 ilikuwa na wakazi wapatao 6,000; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,745,555. Hivyo katika mteremko wa Muhima, ushukao kutoka Nyarugenge hadi Nyabugogo, nyumba ndogo ziliposongamana uzio ulipotea, ukuta wa jirani ukawa ndio mpaka. Jamaa walibaki, ua ulipungua.

Huko Ufaransa msanifu Le Corbusier alikuwa amefundisha kwamba nguzo zikibeba uzito, kuta za ndani huwa huru: sebule na jiko huweza kuungana, nafasi ndogo ikaonekana kubwa. Aghalabu hutajwa Villa Savoye, jumba la kitajiri lililojengwa Poissy kati ya 1928 na 1931, kana kwamba mawazo hayo yalishuka kutoka kwa matajiri. Walakini alikwisha kuyajaribu Pessac, karibu na Bordeaux, katika nyumba hamsini hivi za watu wa kawaida, zilizokamilika mwaka 1926. Wenyeji walizigeuza: wakapunguza madirisha, wakaziba roshani, wakaezeka mapaa ya mteremko. Sioni kwamba walikosea.

Afrika Mashariki nayo ilimpata Ernst May, msimamizi wa ujenzi wa mitaa mipya ya Frankfurt tangu 1925 hadi 1930, aliyehamia Tanganyika mwaka 1934. Mpango wake wa kupanua Kampala ulitoka mwaka 1947. Alijali mwanga na hewa, lakini mpango huo uliwatenga watu kwa rangi, Waafrika wakipangiwa Naguru.

Turudi Kigali. Mwaka 2008 maskini wa Kiyovu walibomolewa nyumba zao, baadhi wakapelekwa Batsinda, mbali na riziki zao za mjini. Kandokando ya mkondo wa Mpazi, katika sekta ya Gitega iliyo karibu na Muhima, baadaye ilifuatwa njia nyingine: zilijengwa ghorofa za matofali, na mwenye kiwanja akapewa makazi palepale kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Matofali husimamishwa kwa ubavu na kuacha uwazi ndani ya ukuta, hivyo machache hutosha. Kwangu huu ni usanifu wa kisasa zaidi ya dirisha refu la kioo.

Linabaki suala la imbabura, yaani jiko la makaa. Katika jumba la kitajiri jiko likiungana na sebule hapana dhara, kwa kuwa umeme au gesi haitoi moshi. Mama wa Muhima hupikia nje, maharage yakichemka saa nyingi, huku akizungumza na jirani na kuwatazama watoto. Msanifu akimwondolea ua bila kumpa ubaraza wenye hewa, moshi utaingia ndani pamoja naye. Laiti ningeulizwa, ningemwomba achore kwanza mahali pa imbabura, ndipo aje sebuleni.