Kamera ya Mkanda Mwembamba

Usiku wa kukata mkanda naanza kwa kuziba mwanya wa chini ya mlango wa bafu kwa khanga iliyokunjwa mara nne. Taa nyekundu haisaidii, maana mikanda mingi ya picha nyeusi na nyeupe inayouzwa leo inaiona rangi hiyo kama inavyoona nyingine, basi kazi yote huwa ya vidole. Nautoa mkanda wa kawaida, ule wa milimita 35, kwenye mkebe wake, napenyeza ncha yake ndani ya kikatio chenye nyembe tatu, kisha nauvuta polepole kwa mkono mmoja huku wa pili ukipokea. Vinatoka vipande vinne. Viwili ni kingo zenye matundu, hivyo ni vya kutupa. Viwili vya katikati ni tepe laini, kila moja ikiwa na upana wa milimita 9.2. Tepe moja naiviringisha, naisukuma ndani ya kaseti inayotoshea kati ya kidole gumba na cha shahada, nafunga kifuniko, ndipo nawasha taa.

Hicho ndicho chakula cha kamera yangu ya Minox. Na ni kwa kukikata mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba jina nililokuwa nikiiita kamera hii halikuwa sahihi.

Kiingereza kina neno moja kwa jamii yote ya kamera hizi: subminiature. Sisi tunaoandika juu ya upigaji picha kwa Kiswahili tumejaribu njia kadhaa. Kuna atakayesema “kamera ndogo sana” na kuishia hapo. Kuna anayependa “kamera ya kijasusi”. Mimi kwa miaka nilisema “kijikamera”, na nililipenda neno hilo kwa sababu limetoka ndani ya lugha yenyewe. Tuna kijitabu na kijidudu, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Umbo la kiji- linabana kitu mara ya pili, kana kwamba ki- peke yake haikutosha, na nilidhani kubana huko mara mbili kunalingana barabara na lile neno la Kiingereza: kikamera kwanza, kijikamera chini yake.

Lakini kiji- ina ulimi mkali. Ukimwita mtu kijitu umemtusi. Kijitabu na kijidudu vimeponea kwa kuzoeleka. Kijikamera bado hakijazoeleka, na ukikitamka mbele ya mtu aliyetumia akiba yake kununua chombo cha chuma kisichoshika kutu, atakuuliza umekusudia nini. Jirani zetu wa Kenya wanaosema “kakamera” wanapata upole zaidi katika ka- yao, ingawa huo ni usemi wa mazungumzo, nao haujakubalika katika maandishi sanifu.

Dosari hiyo ningeivumilia. Iliyonishinda ni nyingine: kijikamera kinaelekeza jicho kwenye mwili wa kamera, na udogo unaosemwa haupo kwenye mwili.

Turudi nyuma kidogo. Neno miniature lenyewe halikuanza na udogo. Limetokana na minium, jina la Kilatini la rangi nyekundu ya risasi iliyotumika kupambia herufi na picha ndani ya vitabu vya mkono. Kwa kuwa picha hizo zilikuwa ndogo, maana ikahama kutoka kwenye rangi kwenda kwenye kimo. Leica ya Oskar Barnack ilipoingia sokoni mwaka 1925, wapiga picha walikuwa wamezoea vioo na mikanda mipana. Picha hasi ya Leica, milimita 24 kwa 36, ilionekana kama ukucha, na kamera ya aina hiyo ikaitwa miniature. Kilichopimwa kilikuwa picha hasi. Hivyo iliyokuja chini yake, sub, ilikuwa chini yake kwa kipimo hichohicho.

Ndiyo maana Rollei 35 ya mwaka 1966, inayozama mfukoni mwa shati, haimo katika jamii hii: picha yake ni ile ile ya 24 kwa 36. Pentax Auto 110 imo, ingawa ni kamera kamili yenye kioo cha kuakisi na lenzi za kubadilisha, kwa sababu picha yake ni 13 kwa 17. Minox nayo ni 8 kwa 11. Ukizidisha, Leica inakupa milimita za mraba 864, Minox 88. Karibu mara kumi.

Hilo la kijasusi nalikataa kwa moyo mzito zaidi, maana linamnyima haki aliyeibuni. Walter Zapp alizaliwa Riga mwaka 1905, akaiunda Minox akiwa Tallinn, na kiwanda cha VEF cha Riga, Latvia, kikaanza kuizalisha mwaka 1938. Alitaka kamera ambayo mtu hataiacha nyumbani kwa kuwa ni nzito. Ilianza kuuzwa kama kitu cha fahari, cha wenye uwezo. Majasusi waliipenda baadaye kwa sababu lenzi yake inaona vizuri hata sentimita 20 kutoka kwenye karatasi. Ipo kamera iliyotengenezwa kwa ujasusi tangu mwanzo, ile ya Kodak yenye umbo la kiberiti iliyopewa OSS, idara ya ujasusi ya Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini kuita ukoo mzima kwa jina la mtoto mmoja si haki.

Basi jina nililipata wapi? Tanga, kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio tangu ujana wake. Nilimpelekea tepe niliyoipiga, bado haijasafishwa, ndani ya kaseti, pamoja na kipande kilichoharibika nimwonyeshe upana.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?”

Nikamkabidhi kile kipande. Akakipitisha kati ya vidole, akakiinua dirishani, akakilaza juu ya ukingo wa mkanda wa kawaida uliokuwa mezani.

“Mkanda, lakini mwembamba huu. Kamera yake iko wapi?”

Mkanda kwanza, kamera baadaye. Hakutafuta jina, alitaja alichokishika. Nilikuwa nimeshafikiria “kamera ya kijifilamu”, lakini filamu siku hizi kwetu ni ya kutazama, yenye waigizaji, na kijifilamu kingedhaniwa ni mchezo mfupi. Mkanda ndilo neno la studio: tulikwenda kununua mkanda, mkanda ukaisha, tukapeleka mkanda kusafishwa. Kamera ya mkanda mwembamba, yaani ulio chini ya milimita 35: sifa inakaa panapostahili, na upatanisho unakwenda bila kukwama. Kamera ya mkanda mwembamba, kamera za mkanda mwembamba.

Kuna moja inayolikataa jina hili. Tessina ya Uswisi hutumia mkanda wa milimita 35 ndani ya kaseti maalumu, lakini hupiga picha za 14 kwa 21, na wakusanyaji huihesabu miongoni mwa hizi. Sikubali kulivunja jina zuri kwa ajili yake. Tuiite ya jamii hii kwa picha yake, na tuseme wazi kwamba mkanda wake si mwembamba.

Faida ya jina naiona zaidi wakati wa kununua. Kamera yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa Minolta 16, niliyoagiza kwa muuzaji aliyeisifu kuwa inafanya kazi. Ilifanya kazi kweli. Kilichokosekana ni kaseti, ile ya vyumba viwili ambayo mkanda hutoka huku ukiingia kule, na bila hiyo hakuna pa kuweka chochote. Nilikaa nayo miezi kama pambo. Nilikuwa nimeuliza habari za mwili, sikuuliza habari za mkanda. Nani angeanza na mwili kama jina lenyewe lingemtajia mkanda?

Swali la kwanza, basi, ni upana. Mkanda wa milimita 16 upo hadi leo kwa sababu sinema bado inautumia. Wenye matundu upande mmoja unaifaa Minolta 16, ambayo picha yake ni 10 kwa 14. Kiev 30 ya Ukraine, yenye picha ya 13 kwa 17, inataka usio na matundu, la sivyo matundu yataonekana ndani ya picha. Mkanda wa 110, uliobuniwa na Kodak mwaka 1972, huja umefungwa tayari ndani ya kibweta chake, na Lomography wanautengeneza tena tangu 2012. Anayeogopa nyembe gizani aanze na huo. Wa Minox utaukata mwenyewe au utamlipa anayeukata. Swali la pili ni kaseti: zipo ngapi, na zinafunga?

Baada ya hapo ndipo usikilize pazia. La Minox lipe nusu sekunde. Likichelewa kufunga au likikwama, huenda mafuta yake yameganda. Minox B, iliyotoka mwaka 1958, ina kipimamwanga cha seleniamu kisichohitaji betri, lakini seleniamu huzeeka, basi usimlipe mtu kwa ajili ya sindano iliyokufa. Minox C ilitegemea betri ya zebaki isiyotengenezwa tena.

Na kuitumia? Tundu la lenzi ya Minox halibadiliki, kwa nyingi ni f/3.5, mwanga unaupima kwa kasi ya pazia tu. Minox za mwanzo husogeza mkanda kila unapozivuta na kuzifunga, hata kama hukupiga, basi usizichezee mezani ukiwaonyesha wageni. Mnyororo wake una vifundo vya kupimia umbali: naunyoosha kutoka kamera hadi ukurasa, nashika kifundo, nageuza gurudumu hadi namba yake. Ukitaka picha ya sentimita 10 kwa 15 utaikuza karibu mara 14, wakati ya Leica ni mara nne, na kwa ukuzaji huo punje moja ya vumbi ni kokoto. Napendelea mkanda wenye hisi ndogo, chembechembe zake ni laini.

Yule mzee alirudisha kipande mezani akanitazama.

“Sasa utausafishia kwenye nini? Vyombo vyangu vyote ni vya mkanda mpana.”

Nikatoa kopo la Minox mfukoni, lenye mfereji wa konokono ndani na kipimajoto katikati. Akalifungua, akapitisha ukucha kwenye mfereji mzima mpaka mwisho, kisha akaenda kuchota maji.