Vifaranga au Mitetea?

Leo tutasoma historia ya kuku wa uani.

Katika miaka ya 1980 maisha ya Dar es Salaam yalikuwa magumu. Mshahara uliisha kabla ya mwezi. Basi watu wengi, hata watumishi wa serikali, walifuga kuku nyuma ya nyumba zao. Kila aliyeanza alijiuliza: Je, ninunue vifaranga au kuku wakubwa?

Kifaranga wa siku moja ni rahisi kwa bei, na umri wake wajulikana. Lakini hutaka joto usiku na mchana, tena hula miezi 5 hivi kabla ya kutaga yai la kwanza. Asiye na akiba aliweza kushindwa njiani.

Mtetea wa sokoni hutaga upesi. Lakini nani ajuaye umri wake? Tena aweza kuleta kideri, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza. Kideri huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Siku hizi iko chanjo: tone moja katika jicho, kila miezi 3.

Wewe uanzaye leo, hesabu kwanza fedha ya chakula. Ikitosha miezi 5, nunua vifaranga. Isipotosha, nunua mitetea wawili watatu kwa jirani unayemjua. Ukiongeza wengine, watenge siku 14.

Sasa andika katika daftari lako: Fedha yangu yatosha miezi mingapi?