Kalamu Pambizoni: Msomaji wa Kigobe na Tawasifu ya Tippu Tip

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ilichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwanafunzi mmoja wa Kigobe, Bujumbura, alipoisoma mara ya kwanza alipigia mstari majina ya watu na mahali tu. Mara ya pili aliandika maswali pambizoni: Nani anasimulia? Pembe za ndovu zinahesabiwa. Waliozibeba wangesimulia nini? Hapo usomaji wake ukawa uchambuzi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili hufundishwa katika shule zake. Ufundishaji huo usipovuka sarufi, neno la mfanyabiashara litaendelea kupokelewa kuwa ndiyo historia yetu nzima.