Chumvi Iliyoyeyushwa kwa Moto
Mtoto anajua chumvi hupotelea ndani ya maji ya kupikia. Asichokijua ni kwamba chumvi hiyohiyo, ikipata joto la nyuzi 801 za Selsiasi, huyeyuka bila tone la maji na kupitisha umeme. Mwaka 1924 James Downs wa Marekani alipewa hataza ya mtambo wa kutoa sodiamu kwa kupitisha umeme katika chumvi iliyoyeyushwa hivyo. Wapo watakaosema somo hili ni zito mno kwa watoto. Sikubali. Gemasolar, kituo cha umeme wa jua kilichofunguliwa Hispania mwaka 2011, kinalieleza waziwazi: vioo huelekeza jua mnarani, chumvi za naitreti hupashwa hadi nyuzi 565, kisha joto lililohifadhiwa tangini huweza kuzalisha umeme saa 15 bila jua. Walimu, anzieni hapo.