Kiti cha Mbele
Nimekulia Marambo nikipakiwa kwenye pikipiki, nimekaa upande kwa sababu ya khanga. Unguja ndiko nilikoendesha Vespa kwa mara ya kwanza.

Vespa ilizaliwa Italia mwaka 1946. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa helikopta asiyependa pikipiki. Aliifunika injini, akaondoa mnyororo, gia akazileta mkononi, na mbele ya kiti akaacha uwazi. Unaingia na sketi yako, unakaa. Anayejifunza hapati hofu. Mzoefu anafika kazini bila grisi kwenye nguo.

Ila magurudumu yake madogo hayawezi mchanga wa kwetu. Kijijini ilibaki pikipiki, nasi wanawake tukabaki abiria.

Likizo hii nitavaa suruali, nijifunze pikipiki hiyo hiyo.