Ulaji wa Mafuta: Hesabu ya Mkonga na Mchomoko

Pale Isaka, malori yanapopanga foleni nje ya bandari kavu, mazungumzo ya mafuta hayahitaji kamusi. Mchomoko, yaani Probox inayobeba abiria kwenda Kahama, "inanusa tu". Land Cruiser mkonga "inakula". Ile VX ya petroli ya silinda nane "inakunywa kama imetumwa". Na mnunuzi wa gari kuukuu huwa na swali moja kabla hata hajafungua boneti: inaenda kilomita ngapi kwa lita?

Kwa Kiingereza cha ufundi, jambo hili lina jina lililojengwa kwa neno ambalo wafasiri wamezoea kuliandika "uchumi". Ndiyo maana mara kwa mara utakutana na "uchumi wa mafuta" katika maandishi ya Kiswahili yanayohusu magari, na msomaji asiye na habari akadhani anasimuliwa mambo ya Kuwait. Neno lile la Kiingereza limebeba maana yake ya zamani, ya kutumia kitu kwa kubana. Sisi hatuna haja ya kuzunguka kote huko, kwa kuwa dereva ameshatupa "ulaji wa mafuta". (Najua ulaji una maana nyingine: mtu akiteuliwa cheo, watu husema amepata ulaji. Sioni hasara. Hapo pia ni habari ya kitu kinachokwisha bila mtu kuona kilikokwenda.)

Ninalitetea neno hili kwa sababu ya hesabu zaidi kuliko ladha. Ulaji huulizwa hivi: ili gari liende umbali fulani, litakula kiasi gani? Ulaya wanaupima kwa lita kwa kila kilomita 100. Swali la mnunuzi wa Isaka limepinduliwa: kwa lita moja, litafika wapi? Hicho ningekiita "mwendo kwa lita", na nisingekichanganya na ulaji, kwa maana mojawapo hudanganya macho.

Chukua VX ya zamani inayokwenda kilomita 5 kwa lita, fundi akaihangaikia mpaka ikafika 6. Mwenye mchomoko naye, aliyekuwa akipata 15, akafika 20. Kijiweni watampongeza wa mchomoko. Ameongeza kilomita tano, mwenzake moja. Sasa geuza. VX ilikuwa inakula lita 20 kwa kilomita 100, leo inakula karibu 16.7; imeokoa lita 3.3. Mchomoko umeshuka kutoka lita 6.7 hadi 5, umeokoa 1.7. Ile kilomita moja ya VX imebakiza mfukoni mara mbili ya zile tano. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Richard Larrick na Jack Soll, walichapisha katika jarida la Science makala iliyoonyesha kuwa Wamarekani, waliozoea kuhesabu maili kwa galoni, hupotoka hivyo hivyo. Baadaye serikali ya Marekani ilibadilisha lebo za magari mapya, na kuanzia magari ya mwaka 2013 lebo hubeba pia galoni kwa maili 100. Yaani ulaji.

Kwa hiyo anayesema gari kubwa la zamani "halina maana kulihangaikia" anasema kinyume cha hesabu. Ndilo lenye cha kuokolewa. Na katika ukanda huu, kuanzia Kahama kupita Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu hadi Geita, hayo magari ni mengi. Migodi na barabara za vumbi zimeyazoeza kukaa. Mkonga wa dizeli aina ya 1HZ, injini ya silinda sita yenye cc 4,164 iliyotoka mwaka 1990, hauna turbo wala kompyuta ya kupima mafuta. Kila kinachoamua ulaji wake kiko mahali ambapo spana inafika.

Anza na kinachoonekana kwa nje. Juu kuna keria ya chuma, mara nyingi tupu, imefungwa tangu gari likiwa la mradi fulani na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Nguvu ya hewa kulikinza gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, ukinzani unapanda kwa zaidi ya nusu. Gari lenye kioo kilichosimama wima kama ukuta, likiongezewa keria, linalipa gharama hiyo lami yote ya kwenda Tinde. Kutoa keria ni kazi ya boliti chache. Kupunguza mwendo hakuna hata boliti, na kunamwokoa dereva na tochi za trafiki vilevile, lakini sijaona kijana wa Kahama anayekubali ushauri huo bure.

Matairi yana mambo mawili. Ya vipande vikubwa, yale ya tope, hula zaidi kwenye lami kwa sababu mpira wake unajikunja sana kila mzunguko, na upepo pungufu huzidisha hali hiyo. Wanaobeba mizigo hujaza upepo vizuri. Wanaozunguka mjini husahau. Halafu kuna habu za magurudumu ya mbele. Zikiachwa zimefungwa baada ya masika, ekseli na shafti ya mbele vinazungushwa kwenye lami bila kazi.

Utamu zaidi uko kwenye pampu ya dizeli ya injini. Isaka iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Kama pampu imepimwa kwa hewa ya pwani, au kuna fundi aliyekaza skrubu ya mafuta ili gari "liwe na nguvu", dizeli inayoingia haipati hewa ya kuiunguza yote. Utaiona kwa nyuma: moshi mweusi kila ukikanyaga. Huo ni mafuta uliyoyalipia, na ukitazama bei kikomo za kila mwezi za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, utaona kuwa lita ya Kahama ina bei kubwa kuliko ya Dar, kwa kuwa nayo imesafiri. Pampu na nozo zikipelekwa kupimwa kwenye mashine, na chujio la hewa lililojaa vumbi likabadilishwa, moshi unapungua bila nguvu ya maana kupotea.

Yapo pia marekebisho makubwa zaidi. Kubadili difu ili injini izunguke polepole kunawezekana, ila mkonga wa kubeba mawe na magunia utakulaumu kwenye mchanga. Kung'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli hufanyika. Ukumbuke kwamba kadi ya gari ina namba ya injini, na TRA, mamlaka ya mapato, wanataka kujua. Mfumo wa gesi asilia, unaofungwa hata katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni wa yule mwenye kituo cha kujazia karibu.

Baada ya yote hayo, pima ulaji, usiukisie. Jaza tangi mpaka mkono wa pampu ukate wenyewe, endesha kilomita mia kadhaa, jaza tena kwenye kituo kile kile, kisha gawa lita kwa kilomita na uzidishe kwa 100. Kuwa macho na jambo moja: kama umefunga matairi makubwa kuliko ya asili, kilomita za dashibodi ni za uongo. Tairi lenye mzunguko mkubwa kwa asilimia 5 litakuonyesha kilomita 100 ukiwa umekwenda 105, na utamlaumu fundi wa pampu kwa kosa la muuza matairi. Hesabu vibao vya kilomita vya barabarani, ulinganishe na dashibodi, ndipo uandike namba kwenye daftari.