Akili Unde na Mustakabali wa Watunzi na Waongozaji wa Muziki

Programu za Akili Unde sasa zinaweza kutoa wimbo kamili, wenye mashairi, ala na sauti ya kuimba, ndani ya dakika chache baada ya kupewa maelezo mafupi ya maandishi. Uwezo huo unagusa moja kwa moja kipato cha watunzi, walimu wa kwaya na waongozaji wa okestra. Makala hii inaeleza chimbuko la teknolojia hiyo, kazi zilizo katika hatari zaidi na ulinzi unaotolewa na sheria ya Tanzania.

Chimbuko la teknolojia

Matumizi ya kompyuta katika utunzi si jambo jipya. Mwaka 1957, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walitumia kompyuta kutunga Illiac Suite, kazi iliyokusudiwa kupigwa na wanamuziki wanne wa ala za nyuzi. Kompyuta hiyo ilifuata kanuni zilizoandikwa na binadamu. Programu za sasa, zikiwemo Suno na Udio, hujifunza kutokana na idadi kubwa ya nyimbo zilizokwisharekodiwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mgogoro uliopo. Juni 2024, kampuni za Universal, Sony na Warner zilifungua mashauri nchini Marekani dhidi ya Suno na Udio, zikidai kuwa rekodi zao zilitumika bila idhini. Mwaka 2025 baadhi ya pande hizo zilifikia makubaliano ya leseni.

Athari kwa watunzi

Kazi zilizo katika hatari zaidi ni zile ambazo mnunuzi hajali nani amezitunga: muziki wa matangazo ya biashara, vionjo vya vipindi vya redio na muziki wa kusindikiza video. Utafiti uliotolewa Desemba 2024 na CISAC, shirikisho la kimataifa la vyama vya hakimiliki, ulikadiria kuwa ifikapo mwaka 2028 asilimia 24 ya mapato ya watunzi wa muziki yatakuwa hatarini.

Hata hivyo, zipo kazi zinazohitaji mtu anayewafahamu walengwa. Mtunzi wa kwaya huandika akijua besi zake ni wangapi na soprano wake wanafika nota ipi. Aidha, Kiswahili kina mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "barabara" lenye maana ya njia na "barabara" lenye maana ya sawasawa hutofautishwa na mkazo pekee. Mpigo mzito ukiangukia silabi isiyostahili, maana hupotea. Hivyo wimbo wa Kiswahili uliotolewa na mashine unahitaji kukaguliwa na sikio la mtu anayeijua lugha.

Athari kwa waongozaji

Mwaka 2008 roboti ASIMO iliongoza Okestra ya Detroit. Mwaka 2017 roboti YuMi iliongoza okestra mjini Pisa, Italia. Na mwaka 2023 roboti EveR 6 ilifanya hivyo mjini Seoul, Korea Kusini. Roboti hizo zilirudia miondoko iliyoandaliwa kabla. Hazikuweza kuwasikiliza wanamuziki, kurekebisha sauti iliyopotea wala kumsubiri mwimbaji aliyechelewa kuvuta pumzi.

Sehemu kubwa ya kazi ya mwongozaji hufanyika mazoezini, kabla ya hadhira kufika. Hapo teknolojia inaweza kuwa msaada, kwa mfano kumtolea kila mwanakwaya asiyesoma nota sauti ya sehemu yake ili ajifunze nyumbani. Hatari kwa mwongozaji ni ya namna nyingine: waandaaji wa shughuli wakiridhika na muziki uliotengenezwa na mashine, nafasi za maonyesho ya moja kwa moja hupungua.

Nafasi ya sheria

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura 218, iliyotungwa mwaka 1999, inamtambua mtunzi kuwa ni binadamu aliyeibuni kazi husika. Haki huanza pale kazi inapobuniwa na hudumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa msingi huo, anayedai umiliki wa wimbo uliotolewa wote na mashine atakabiliwa na swali la nani hasa mtunzi. Nchini Marekani, Ofisi ya Hakimiliki ilieleza Januari 2025 kuwa kuipa mashine maelekezo pekee hakutoshi kumfanya mtu kuwa mtunzi.

Mambo ya kuzingatia

Mtunzi anashauriwa kutunza rasimu za nota na rekodi za awali zenye tarehe, kwa kuwa ndizo zinazoonesha mchango wake pale alipotumia programu. Vilevile, asajili kazi zake katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA); usajili hauanzishi haki, bali huimarisha ushahidi endapo mgogoro utatokea.

Kabla ya kusaini mkataba, asome iwapo kuna kipengele kinachoruhusu kazi au sauti yake kutumika kufundishia mashine. Ruhusa hiyo ina thamani yake, na malipo yake yanapaswa kutajwa waziwazi katika mkataba.